Chembe za nano na mafuta ya Pemba: tuanze na chupa

Pwani ya Wete, injini ya boti ikivuja, oili hutuama kwenye mchanga. Maji yatajaa, yatakupwa, na siku ya pili yake mchanga bado mweusi. Wimbi limepita tu, mafuta yameng'ang'ania punje. Kwenye mwamba wa mafuta hali ndiyo hiyo: hata baada ya maji kushindiliwa kisimani ili kuyasukuma nje, kwa kawaida zaidi ya nusu ya mafuta hubaki chini.

Ndipo watafiti wakafikiria kuyatia maji hayo chembe za nano, mara nyingi za silika (madini yanayounda mchanga), zenye upana wa nanomita 1 hadi 100; nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita. Chembe hujipenyeza baina ya tone na jiwe, zikalibandua. Maabara zimeonesha mafuta ya ziada yakitoka, na Kolombia imejaribu vimiminika vyenye chembe za nano kwenye visima halisi vya mafuta mazito, maeneo ya Castilla na Chichimene. Si ndoto, basi.

Kinachonitia hofu ni chumvi. Kisiwani maji matamu ni ya kunywa, hivyo yatakayosukumwa ni ya bahari, yenye gramu kama 35 za chumvi kwa lita, kalsiamu na magnesiamu zikiwemo. Humo silika tupu hugandana kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Mabonge yakiziba vitundu vya mwamba, umelipa fedha kuharibu kisima chako mwenyewe. Chembe zinaweza kuvishwa gamba zisigandane, ila gharama hupanda. Tena baadhi hurudi juu pamoja na maji, na bahari yetu ina mwani wa kina mama na madema ya wavuvi.

Wapo wasemao haya hayatuhusu: kampuni za BP na Shell zilichimba Pemba hadi 1962 zikaondoka, na tangu mkataba wa kutafuta mafuta na kampuni ya RAK Gas wa 2018 hatujauza hata pipa moja. Mbinu hii kweli ni ya visima vilivyochoka. Lakini mkataba huandikwa kisima kikiwa bado hakijachimbwa, na hapo ndipo pa kudai kila kitakachosukumwa chini kitajwe, na maji yatakayorudi yapimwe na watu wetu.

Watu hao tuwaandae sasa, pale SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa kuanzia, chupa ya maji ya Wete na silika ya nano kidogo vinatosha. Koroga jioni, iache. Asubuhi ukizikuta chembe zimetuama chini, hizo si za kupelekwa kisimani.