Ndoo Yako Inapumua

Naandika mapema kabla ile sauti aliyoirekodi rafiki yangu haijawafikia nyote. Jina lake nalihifadhi, ingawa yeye langu hakulihifadhi. Anasema nililipua daladala, askari wakajaa, nikalia. Tusahihishane. Daladala ni zima, jana imefanya tripu kama kawaida. Askari alikuwa trafiki mmoja tu, naye alikuwepo pale Buguruni tangu asubuhi kwa shughuli zake. Na sikulia. Iliki iliniingia machoni.

Ilikuwa siku ya posa ya dada yangu. Wageni saa kumi, nyumbani kwa shangazi, Ilala. Kwenye grupu la familia watu wakagawana kazi: huyu pilau, yule soda, wale juisi ya ukwaju. Natafuta jina langu, nalikuta chini kabisa limeandikwa "viti". Mimi! Mjukuu wa bibi wa Pangani napangiwa kubeba viti vya plastiki. Nikaandika, "Mkate wa kumimina niachieni mimi." Shangazi akajibu kwa kale kauso kanakoangalia pembeni. Mwenye akili angeishia hapo. Nikaongeza, "Nyie andaeni sahani tu."

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipima mchele vikombe viwili, analoweka usiku kucha, anasaga, tui zito, iliki, hamira kijiko cha chai, anaacha uumuke. Sukari mwishoni. Halafu sufuria iliyopakwa mafuta, moto mdogo chini, makaa juu ya mfuniko, na wewe mtoto unafukuzwa jikoni usije ukaugusa.

Mimi nilipima kilo mbili. Hesabu ya hamira niliifanya kichwani saa kumi na moja alfajiri, kwa kijiko kile cha kulia pilau. Vijiko vitano. Sukari nikaitia yote palepale, maana sikuona sababu ya kuingojesha. Nilikuna nazi nne kwenye mbuzi mpaka na kidole nacho kikakunika (watu wa Tanga, msiniulize kama niliitoa ile nazi ya kidole, nilitoa nyingi yake). Nikasaga kwa blenda kwa awamu, nikamimina kwenye ndoo ya lita kumi. Ikafika nusu. Nikajisemea nafasi ipo tele.

Saa tano na nusu nawasha jiko, moto ukatoka wa bluu, ukayumba, ukazima. Gesi imekwisha.

Sasa hapa ndipo rafiki yangu anaposema alinishauri niununue mkate wa dukani. Uongo. Yeye ndiye aliyesema, "Kwa shangazi yako si kuna jiko la mkaa? Twende na uji wako ukaupikie kulekule." Tukafunga mfuniko wa ndoo mpaka ukalia kwa! Nikaona haitoshi, nikaufunga na mipira ya tyubu, ile ya kufungia mizigo ya baiskeli, nikapitisha msalaba. Nikavaa kanzu yangu nyeupe iliyopigwa pasi. Yeye akabeba sufuria. Tukapanda gari ya Segerea–Kariakoo.

Konda akaitazama ndoo. "Anko, mzigo weka kule mbele juu ya injini, hapa unabana abiria." Nikaweka. Mimi nikapata siti ya jirani, rafiki akaenda kukaa nyuma kabisa. Mnaopanda zile gari mnajua joto la juu ya injini. Unaweza kukaangia yai.

Buguruni tukakwama. Jua la Februari utosini, gari halisogei, injini inanguruma chini ya ndoo. Pembeni yangu kuna mama wa makamo, kikapu cha mchicha mapajani. Akanigusa bega.

"Mwanangu, ndoo yako inapumua."

Nikatazama. Mfuniko nilioufunga ukiwa bapa ulikuwa umetuna kama shavu la mtoto aliyenyimwa.

"Ni unga tu, mama."

"Unga wa nini huo, unaopumua?"

Mipira ikaanza kulia, nyiii, kama mlango wa choo cha shule. Nikajua nini kinaendelea. Hamira ikipata sukari na joto hutoa hewa, na hewa ile ilikuwa haina pa kwenda tangu saa tano na nusu. Ningeiacha vilevile mpaka Ilala labda ningepona. Lakini mimi ni mtu wa suluhisho. Nikanyoosha mkono, nikashika mpira mmoja, nikasema nautoa taratibu.

Paa!

Mfuniko ulipita sikioni kwangu, nikasikia upepo wake. Ukagonga dari, ukamrudia konda kifuani, ukaanguka chini ukizunguka, ukizunguka, na gari zima limenyamaza likiusikiliza. Kisha mtu akapiga kelele, "Tairi!" Mwingine, "Siyo tairi, kimelipuka kitu!" Kaka mmoja wa siti ya katikati alitokea dirishani, mzima mzima, miguu mbele. (Baadaye konda alipohesabu nauli aligundua huyo hakuwa amelipa. Hakurudi.)

Na mimi nautazama uji. Haukuwa na haraka. Ulipanda kutoka ndani ya ndoo mweupe, umetulia, umenona, kama bibi harusi anatolewa nje. Ukafika ukingoni, ukasimama kidogo, nikadhani umenionea huruma. Ukamwagika. Ulipogusa bati la injini ukalia chwaaa, na harufu ikatanda gari zima. Jamani, nakuapieni, ilikuwa harufu ya Idi asubuhi. Tui, iliki, sukari inaanza kuungua. Kuna mzee nyuma alisema "Mashallah" kabla hajakumbuka kwamba alikuwa anakimbia.

Nikaweka viganja juu ya ndoo, kama unavyomziba mtu mdomo. Ukapenya vidoleni. Nikaukumbatia. Ndiyo, na kanzu. Ukateremka upande wa pili, ukaifuata gia, ukaikuta imeshikwa na mkono wa dereva, ukaufunika mkono. Dereva alikuwa kavaa jezi ya Yanga. Akautazama mkono wake, akaitazama jezi yake yenye madoa meupe, akanigeukia polepole.

"Nani kakutuma?"

Nikamwita rafiki yangu kwa jina lake lote, alete sufuria tuokoe kilichobaki. Gari zima likageuka nyuma. Yeye akageukia dirishani, anasoma bango la fundi viatu kwa makini ya mtu anayesoma mtihani. Abiria akamwambia, "We kaka, si unaitwa?" Nikamsikia kwa masikio yangu: "Mimi? Huyo simjui." Na sufuria yangu mapajani! Sekunde chache baadaye simu ikatoka mfukoni, na hiyo ndiyo ile video mnayotumiana. Nawaona.

Aliyenitetea ni mtoto wa miaka kama minne. Alichovya kidole kwenye siti, akalamba. "Mama, tamu!" Mama yake akamchapa mkono. Lakini nilimwona dereva akijifanya anajifuta mdomo. Naye alionja.

Mengine ni mafupi. Elfu ishirini za kuosha gari. Bodaboda wawili walinikataa kwa ile hali, wa tatu akanipakia na kuniambia nisimwegemee. Ndoo ilibaki na kama robo. Shangazi akafungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Vua hiyo kanzu, nenda kapange viti." Yeye akaupika. Ukatoka mkate mmoja, kimo cha kisosi, na mshenga akaula peke yake hadi makombo, akauliza kama upo mwingine. Posa imekubaliwa. Rafiki yangu alikula sahani mbili za pilau na bado hajanirudishia sufuria.

Leo asubuhi nimefika kituoni Segerea nimevaa kofia, naangalia chini. Gari ya kwanza kuingia, konda yuleyule, ananing'inia mlangoni.

"Hamira! Simama hapohapo. Fungua begi kwanza."

Nikafungua. Kulikuwa na chupa ya chai. Akaitoa, akaitikisa karibu na sikio, akasikiliza kwa muda, ndipo akanipisha nipande.