Mwenye Swichi Siye Mwenye Bili

Jamani, mimi sina ugomvi na mwanga. Ninachouliza ni hiki: taa ya barabarani inayowaka saa saba mchana inamtafuta nani? Jua liko utosini, watu wamekinga macho kwa viganja, na yenyewe iko kule juu ya nguzo inalisaidia jua kazi. Jirani yake, ile ya kwenye kona yenye mtaro usio na mfuniko, imekufa zamani. Hapo usiku tunavuka kwa kuwasikiliza waliotangulia: ukisikia "uwiii!" unasogea kulia.

Fundi mmoja akanieleza. Juu ya taa kuna kijicho kinachopima mwanga. Giza likiingia kinawasha, kukipambazuka kinazima. Kikijaa vumbi, kinaona giza kutwa nzima. Tena vingi vimetengenezwa makusudi kwamba vikiharibika viiache taa ikiwaka, kwa sababu heri mchana wenye taa kuliko usiku usio nayo. Hoja nimeielewa. Ila nikachukua kalamu. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 12 za mchana inakula uniti 3. Balbu ya chumbani kwangu ni LED ya wati 10, na uniti hizo 3 zingeiwasha kwa saa 300. Mimi nawasha saa 5 kila jioni. Maana yake nguzo ile, kwa mchana mmoja tu, inatafuna mwanga wangu wa siku 60, halafu anayebandikiwa tangazo mlangoni la "Punguza matumizi ya umeme" ni mimi!

Nikaenda ofisi za manispaa. Kufungua mlango tu, nikadhani nimeingia chumba cha maiti. Kiyoyozi nyuzi 16. Karani kavaa sweta, juu ya sweta koti. Dirisha kalifungua ili joto liingie kidogo. Pazia kalishusha kwa kuwa jua linampiga machoni, na kwa kuwa pazia limeshuka, kawasha taa zote. Nyuma yake ukutani pameandikwa: "Zima taa na kiyoyozi unapotoka." Tuseme haki, amri hajaivunja. Hajatoka.

"Kaka," nikamwambia kwa adabu, "huwezi kupandisha hata ikafika 25?"

"Mzee wangu, rimoti anayo bosi, na bosi yuko semina."

"Semina ya nini?"

"Matumizi bora ya nishati."

Nikameza mate. Wajapani, mwaka 2005, wizara yao ya mazingira iliwaambia watu wa maofisini wavue tai na makoti wakati wa joto, viyoyozi viwekwe nyuzi 28, na dunia haikuisha. Huyu wangu bili haimpiti mezani, wala mfukoni haimgusi. Akisikia baridi anaongeza nguo.

Nikarudi kwenye habari ya taa yangu. Nikamwambia Los Angeles, kati ya 2009 na 2013, walibadilisha taa za barabarani kama 140,000 wakaweka za LED, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya asilimia 60. Akaandika kitu kwenye daftari.

"Lete barua," akasema.

"Barua ya nani?"

"Ya hao Los Angeles."

Sasa njooni nyumbani, ndiko kwenye vituko vya kulia. Vifaa ananunua mwenye nyumba, umeme nalipa mimi. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka dukani atachagua nini? Friji mpira wake wa mlango umelegea, nalifunga kwa kamba, injini inanguruma usiku kucha. Korido ina balbu za kizamani za wati 100, zile ambazo asilimia 90 na zaidi ya umeme wake inatoka kama joto. Yaani kaninunulia hita akaibatiza jina la taa! Juu ni bati tupu bila dari, kwa hiyo joto la balbu linakutana na joto la bati kichwani kwangu, na feni inakuja kuwaamulia.

Mita yenyewe ni moja, bili inagawanywa sawa kwa vyumba. Nikizima feni yangu, faida inagawanywa kwa jengo zima. Jirani akipiga pasi, hasara inagawanywa vilevile. Na anapiga pasi, jamani! Anapiga pasi soksi. Nilipomuuliza akasema, "Nisipotumia mimi, watatumia wao." Nikatafuta jibu nikalikosa, nikaenda kupasha maji ya kunawia miguu.

Siku moja nikamvaa mwenye nyumba. Nikamwambia, mzee, Uingereza na Wales tangu 2018 nyumba iliyopewa daraja la F au G kwa kufuja nishati haruhusiwi mtu kumpangishia mpangaji mpya, labda awe na msamaha maalumu. Ufaransa nao, tangu Januari 2025, daraja la G wamelipiga marufuku kwenye mikataba mipya. Akanisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa upole.

"Kijana wangu, umesoma sana. Na kodi za huko umezisoma?"

Lakini neno lilimwingia. Mwezi uliofuata akaleta fundi, akang'oa balbu zote za korido na choo, akaweka LED zinazojiwasha mtu akipita. Bili ikashuka kweli, sikatai. Kodi ikapanda, kwa jina la "maboresho", na ukijumlisha unakuta ule unafuu umehamia kwake mzima mzima.

Hiyo ningeivumilia. Kasheshe ni taa ya chooni. Inataka mtu anayetembea. Ukitulia kidogo tu, pap, giza. Mtu mzima nimekaa nimeshughulika, napunga mikono juu ili mwanga urudi, natulia, inazima, napunga tena. Na mlango una upenyo. Juzi natoka, mtoto wa yule wa soksi ananiamkia, halafu ananiuliza:

"Mjomba, humo ndani ulikuwa unamuaga nani?"