Simba wa Sebuleni

Jamani, kosa langu ni nini? Silewi, sibeti, bao lenyewe nacheza Jumapili tu, tena nafungwa. Nimeamua kutengeneza bango langu la zamani, ndani ya nyumba yangu, hapa hapa Katubuka, kwa hela yangu ya dagaa. Basi Kigoma nzima ina la kusema!

Lenyewe ni sanduku la taa la wauzaji wa Peugeot, yale yaliyokuwa yanatundikwa juu ya kaunta. Bati pande zote, mbele perspeksi nene, ile plastiki ngumu kama kioo, na katikati simba kasimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, makucha juu, kama konda anayedai nauli. Nililikuta kwenye duka la vipuri lililokuwa linabomolewa, limelaliwa na mifuko ya saruji. Mwenyewe alikuwa analitupa. Nilipouliza bei tu, akakumbuka ghafla kwamba ni urithi wa marehemu babu yake.

Mama Zawadi akalitazama juu mpaka chini. "Baba Zawadi, sisi tuna baiskeli, tena deni lake halijaisha. Hili bango la gari ni la nini?"

Nikamweleza kwa upole kwamba simba huyu hakuanzia kwenye gari. Akina Peugeot kule Ufaransa walikuwa wanatengeneza misumeno. Simba alichorwa 1847 na kusajiliwa 1858, mteja ajue meno ya msumeno wao yanang'ata. Gari lao la kwanza ni la 1889. Kabla ya hapo walishatengeneza mpaka vinu vya kusagia kahawa na pilipili.

"Basi si ungeleta kinu," akasema, akarudi jikoni.

Haya, kazi ikaanza. Skrubu zimeganda kwa kutu hata bisibisi haziingii. Nikaziloweka kwenye maji ya ndimu, maana ule ukali wake unakula kutu taratibu bila kelele. Kelele zikatoka jikoni, kwamba ndimu za migebuka ndiyo nimezifanya dawa ya skrubu. Jioni ile nikaandaliwa mgebuka mkavu, bila ndimu, bila chumvi, bila salamu.

Bati la nyuma lilikuwa limetoboka. Jirani yangu mmoja, ambaye hajawahi kushika nyundo ila anazijua kazi zote, akanipa moyo: "Hilo dogo. Meli ya Liemba hapa ziwani ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kupiga safari. Ije ikushinde bati?" Sawa, lakini Wajerumani kabla ya kuizamisha Liemba walizipaka injini grisi. Bango langu limepakwa mkojo wa panya. Na Liemba ilikuwa na serikali nyuma yake. Mimi nina brashi ya waya na mtoto wa darasa la tano ambaye kila nikimpa msasa anakumbuka ana homuweki.

Fundi wa rangi ndiye nusura anitoe roho. Kaja na kopo la tina, ile ya kuyeyushia rangi, na tambara, anataka kuusugua uso wa simba ung'ae. Nikamdaka mkono! Perspeksi ukiigusisha tina au petroli inapata ukungu, kisha inachanika mistari mistari, na hapo hakuna wa kuirudisha. Ile ni maji, sabuni na kitambaa laini. Akanuna, akaniuliza kama nimesomea. Nikachukua sabuni ya mawese, nikamuogesha simba mwenyewe, povu mpaka masikioni. Shemeji yangu akapita barabarani, akaniona namkanda simba shingo, akaenda moja kwa moja kumpigia simu dada yake kumuuliza kama hali yangu ni nzuri.

Umeme ndio uliotuletea baraza. Ndani mlikuwa na tyubulaiti nne za futi nne, wati 40 kila moja, na choki zake za kutuliza umeme na stata zake za kuwashia. Mimi nazitaka hizo hizo, maana bango la zamani bila kule kukonyeza mara tatu kabla ya kuwaka si bango, ni friji. Mama Zawadi akachukua kalamu. Nne mara 40 ni 160, bado choki nazo zinakula chake. Tyubu za LED za urefu ule ule ni wati 18. Nne ni 72, na choki unazing'oa. Akanisogezea ile karatasi na mashine ya Luku, kimya. Simba sasa anawaka mara moja, hakonyezi mtu. Nimesikitika, lakini na mimi napenda kuona mpira hadi dakika ya 90.

Sasa uliza nani kanisaidia kulitundika. Mzee wa nyumba ya tatu alikuja, lakini alikuja kukaa. Anasimulia Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Peugeot 404 ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. 1966 na 1967 usukani kashika Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Hayo ni kweli. Tatizo ni kwamba kila akisimulia, mzee naye anakaribia gari. Mwanzo alikuwa kando ya barabara anapunga mkono. Wiki iliyopita alikuwa kiti cha nyuma. Ninavyoona, mwezi ujao Shankland atashushwa.

Limewaka, basi matatizo mapya. Bodaboda anagonga saa mbili usiku, anataka plagi. Mwingine ana Noah, anaulizia brekipedi. Kijana wa ushuru wa mabango kachungulia dirishani na daftari lake: "Shikamoo mzee, hili limelipiwa?" Nikamwambia liko sebuleni. "Lakini linaonekana barabarani." Nikavuta pazia. Akarudi nyuma hatua mbili, akapima kwa jicho: "Linapenya."

Mama mkwe naye katoka Kasulu kuja kututembelea. Kakaa, kapewa ugali wa muhogo, kanyanyua tonge, kalirudisha. "Mkwe wangu, huyu mnyama ananitazama nikila." Mkwe hajibiwi, nikamgeuzia kiti. Sasa tukawa tunatazamana mimi na yeye, tonge kwa tonge, na kwetu hiyo ni aibu kubwa kuliko simba. Nikamalizia kula uani, na kuku.

Nilikuwa nimeshaamua kulifunga shuka, yaishe. Ndipo mvua za kwanza zikanyesha. Usiku ule kumbikumbi wakatoka ardhini, wakaliona dirisha langu kabla ya taa nyingine yoyote ya mtaa. Mama Zawadi, yule yule wa kalamu na karatasi, kabla sijasema neno kashaweka beseni la maji chini ya dirisha, kashatafuta na kikaango. Asubuhi mtaa mzima ulinuka kumbikumbi wa kukaanga.

Tangu hapo sina amani. Mvua ikikatika tu, mlango hodi, mtu na ndoo yake: "Baba Zawadi, mwashe simba bwana!" Unawauliza nani anachangia Luku, wote wanatazama mawingu.

Jana wa kwanza kwenye foleni alikuwa kijana wa ushuru. Daftari kaliacha nyumbani, kaja na beseni.