Anayejua kesho nani atapigwa sio ticha

Niseme wazi, tukitaka uonevu na ugomvi upungue shuleni tuache kuwapa wanafunzi kazi ya kubandika mabango ya amani halafu basi. Anayejua kesho nani atasubiriwa nyuma ya madarasa kengele ya mwisho ikigonga sio mwalimu wa nidhamu, ni yule binti wa dawati la tatu ambae hana cheo chochote.

Nikiwa sekondari tulikuwa na kijana mmoja mpole, ana kigugumizi. Akisimama kusoma kuna jamaa nyuma anamuigiza, darasa linacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Ikaanzia hapo, mara daftari lake limetupwa dirishani, mara kofi, mpaka siku hiyo akaja na bisbisi kwenye begi. Watu kama sita tuliiona asubuhi, hatukusema, maana kusema ni kuchongea wenzako, na kabla ya mapumziko yule jamaa ameshachanwa mkono na wote wawili wamerudishwa nyumbani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kuna utafiti wa Kanada wa mwaka 2001, waliwarekodi watoto kwa kamera wakiwa uwanjani shuleni. Wenzao walikuwepo wanaangalia kwenye asilimia 88 ya matukio ya uonevu, ila waliingilia asilimia 19 tu, na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu uliisha ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi jamani! Muda wa kusema "we muache bwana".

Kilichonifurahisha zaidi ni kile kilichofanyika New Jersey, Marekani, mwaka wa masomo 2012/13, kwenye shule 56. Kwanza wakawauliza wanafunzi wote, we unakaa na nani, unapiga stori na nani, wakajua watoto gani wanaangaliwa na wengi. Kwenye nusu ya shule wakachukua kikundi kidogo, wenyewe waseme tatizo la shule yao ni nini na wenyewe wabuni cha kufanya, mfano ukimuona mtu kaamua ugomvi unampa bangili ya rangi ya chungwa. Kesi za ugomvi zilizofika kwa walimu zikapungua kwa asilimia 30 ukilinganisha na shule ambazo hazikufanya, na kikundi kikiwa na wengi wa wale wanaoangaliwa matokeo yanakuwa makubwa zaidi.

Sasa sisi tunachagua nani? Viranja na wenye maksi nzuri. Mi nasema mchukue na yule mtundu ambae akinyoa mtindo mpya wiki ijayo nusu ya darasa wamenyoa hivohivo, huyo akiacha kucheka wengi wanaacha.

Ila wasitwishwe mzigo wa watu wazima. Mtoto asitumwe kumnyang'anya mtu kisu, hapo kazi yake ni kukimbia kumwambia mtu mzima, na huyo mtu mzima awe na kifua cha kutunza siri. Nimeshaona mwalimu anaingia darasani anasema "fulani kaniambia kwamba...", mbele ya wote, yani hapo umefunga midomo ya darasa zima mpaka wamalize shule. Kuchongea ni kutaka mwenzako aadhibiwe, kutoa taarifa ni kutaka asiumie mtu, na watoto wanaielewa hiyo tofauti vizuri sana ukikaa nao ukawaeleza.

Yule kijana wetu aliporudi, binti mmoja alihamisha dawati lake akakaa pembeni yake, bila kuambiwa na mtu. Siku alipoitwa tena kusoma kicheko kikaanza nyuma kama kawaida, yule binti akageuka akawatazama, hakusema neno, kicheko kikakata. Kijana akasoma ukurasa mzima, ilichukua muda mrefu kweli, na tukamsubiri.