Kilomita gawanya kwa spidi, eti ndo muda wa safari

Juzi dadangu kanisubiri eapoti karibu masaa mawili, na kosa ni langu, au tuseme la kile kikokotoo cha mtandaoni nilichokiamini kama mjinga. Unaingiza eapoti mbili kinakutolea umbali na muda wa kuruka mpaka dakika za mwisho, na hizo dakika ndo zilinimaliza, maana mtu akikutajia dakika unajua kapima, kumbe kagawanya tu!

Chukua London Heathrow na New York JFK. Kilomita kama 5,540, gawanya kwa 900 kwa saa, unapata saa 6 na dakika 9. Safi kabisa. Sasa fungua ratiba zenyewe, kwenda New York ni kama masaa 8, kurudi London kama 7. Njia ile ile! Kikokotoo hakina habari, kwake kwenda na kurudi ni namba moja kwa sababu hakijui kama duniani kuna upepo. Huko juu ndege zinakopita kuna mkondo wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, siku nyingine unapita kilomita 200 kwa saa, ukikupiga mgongoni umepona, ukikupiga usoni utakula chakula cha pili humo humo ndani. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba, ndege moja ya abiria ikatoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Watu wakasema imepita spidi ya sauti, wapi, ilikuwa kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya hewa, ila hewa yenyewe ilikuwa inakimbia nayo.

Na hapo bado hujagusa ardhi. Mimi siku hiyo tulitoka mlangoni kwa wakati halafu tukaganda kwenye foleni ya kupaa dakika 40, nimekaa dirishani nahesabu mikia ya ndege zilizotutangulia, sita. Kikokotoo kinadhani ndege inazaliwa angani.

Haya, kwenye umbali nawapa haki yao, kilomita wanazipiga vizuri, na ule mstari uliopinda kwenye ramani ndo njia fupi kweli, dunia ni mviringo. Ila hata hiyo njia fupi ni mpaka uruhusiwe kuipita. Kutoka Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa masaa tisa na nusu hivi, 2022 anga ya Urusi ikafungwa kwa ndege za Ulaya, sasa wanazunguka masaa kama 13. Eapoti hazijahama hata hatua moja.

Dadangu sahivi hataki kusikia namba yoyote kutoka kwangu. Anafungua ramani ya ndege laivu mwenyewe, anakaa nayo sebuleni, akiona kile kindege kimegusa chini anaoga kwanza, anajua bado nasubiri begi.