Jamani acheni kusema watu wa bondeni wamejitakia

Juzi mvua ilianza hapa Houston usiku wa manane ikapiga mpaka asubuhi, na mimi mvua ikianza usiku silali tena, hiyo hali nimekuja nayo toka kwetu Kigogo, Dar, bonde la mto Msimbazi, na mpaka leo haijaniacha. Nikatoka nje na tochi kuangalia mtaro. Nikamkuta bibi jirani naye katoka, kavaa koti la mvua la njano na mabuti, mkononi kashika tepu ya kupimia. Akaniambia mwanangu shika huku. Nikashika. Tukapima maji yamebakiza kiasi gani kufika kwenye kizingiti cha mlango wake, akaandika kwenye daftari tarehe, saa, na kipimo, halafu akapiga picha.

Narudi ndani nimelowa, nafungua simu, kwenye grupu la ukoo mtu katuma video ya maji ya Jangwani, bonde hilo hilo, na chini yake binamu yangu mmoja anayekaa Goba, huko juu, kaandika "hawa nao wamejitakia, kila mwaka wanaambiwa wahame hawasikii". Watu wakaweka dole gumba. Mama yangu yumo humo kwenye grupu. Na mama anakaa bondeni.

Sasa ngoja niseme, na najua kabisa nitakachojibiwa, kwamba mbeba mabox kaenda Marekani miaka saba anatufundisha maisha. Haya, niiteni hivyo. Ila mimi nimelala juu ya meza na wadogo zangu watatu Desemba 2011 wakati vitanda vimeinuliwa kwa matofali na maji yakavipita, kwa hiyo kuhusu maji sijasimuliwa na mtu. Mnakumbuka ile mvua, mamlaka ya hali ya hewa ilisema haijawahi kunyesha namna ile Dar tangu 1954, na watu zaidi ya 40 walikufa. Jirani yetu mmoja alikuwa ni miongoni mwao. Naye alijitakia?

Turudi Houston. Wabongo wengi wa huku wanaishi kusini-magharibi ya jiji, mimi kodi ilinisukuma kaskazini-mashariki, Kashmere Gardens, mtaa wa watu weusi na Walatino, nyumba za mbao za zamani. Wiki ya kwanza tu nilishangaa, manake mbele ya kila nyumba kuna mtaro wa wazi kabisa, wa udongo, umeota majani, na kila anayeingiza gari kwake kuna kalavati chini. Mengine yameziba nusu. Na juu yake matairi na magodoro ambayo watu wanakuja kuyatupa usiku kwa malori kutoka sehemu zingine. Nikasema jamani hii si Tandale? Mitaa ya wenye hela huku hamna hicho kitu, maji yao yanaingia kwenye kitundu pembeni ya barabara na kupotelea kwenye mabomba chini ya ardhi. Na kwa miaka mingi utaratibu wa jiji ulikuwa kwamba mtaro wa mbele ya nyumba yako utauzibua wewe mwenyewe, wakati yale mabomba ya wenzako jiji ndo linayahudumia. Hebu fikiria hapo, mstaafu wa miaka sabini na kitu aingie mtaroni na chepe.

Kwa hiyo sisifii serikali ya Marekani, naomba hilo lieleweke kabla hamjaanza. Nchi tajiri kuliko zote na bado bibi wa watu anapima maji usiku kwa mkono. Nchi hii imewafanyia watu weusi mambo ambayo ukiyasoma unafunga kitabu unakaa kimya. Miaka ya 1930 wataalamu wa serikali kuu walikaa wakachora ramani za miji, mitaa ya weusi wakaipaka rangi nyekundu, maana yake benki isikopeshe hapo, na pasipokopesheka nyumba haiboreshwi, barabara haijengwi, miti haipandwi. Na hizo rangi zipo mpaka leo kwenye joto! Mwaka 2020 watafiti walipima miji 108 wakakuta mitaa iliyopakwa nyekundu ina joto zaidi ya mitaa iliyopendelewa, kwa wastani nyuzi 2.6 za Selsiasi. Miaka 80 na zaidi baadaye. Hapa hapa Houston mwaka 1979 mwanasosholojia anaitwa Robert Bullard alizunguka na wanafunzi wake kutafuta taka za jiji zinamwagwa wapi, akakuta madampo yote matano ya jiji yako kwenye mitaa ya weusi, na matanuru sita kati ya manane ya kuchomea taka nayo huko huko, wakati weusi walikuwa robo tu ya watu wa jiji. Wakazi wakaenda nayo mahakamani kupinga dampo, kesi wakashindwa. Lakini ile orodha ilibaki, na leo mtu akitaka kubisha anawekewa mezani.

Na hapo ndo naona tofauti ya hawa na sisi. Yule bibi haamini kwamba maji yanamfuata kwa bahati mbaya. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwake kuna mistari miwili ya rangi, wa chini wa dhoruba ya Allison, Juni 2001, na wa juu, unaonifika mimi kiunoni, wa Harvey, Agosti 2017. Ana faili la plastiki lina picha, risiti za magodoro, barua alizoandika na barua alizojibiwa. Anajua hicho kijito cha Hunting Bayou kiliahidiwa kupanuliwa lini na kimecheleweshwa mara ngapi. Anapanda basi anaenda kwenye kikao cha halmashauri ya jiji, anapewa dakika zake chache kwenye maiki, anafungua faili anasema. Siyo msomi, alikuwa mpishi wa shule.

Yeye ndo alinifundisha kitu ambacho sikuwahi kukiwaza maishani. Aliniambia ili serikali kuu itoe hela ya mradi wa kuzuia mafuriko wanapiga hesabu, faida izidi gharama, na faida maana yake ni thamani ya mali itakayookolewa. Sasa nyumba ya bei ndogo maji yakiingia hasara kwenye karatasi ni ndogo, nyumba ya kifahari ikiingia maji hasara kubwa, kwa hiyo mradi unaenda kwa tajiri, kila mwaka, na hakuna aliyeandika popote "tusiwasaidie weusi". Hesabu inafanya yenyewe. Thamani ya nyumba ilishushwa na ile ramani nyekundu, halafu thamani ndogo inakuwa sababu ya kunyimwa mfereji, halafu mafuriko yanashusha thamani tena. Nilikaa jikoni kwake siku hiyo chai ikapoa, nikawa nawaza nyumba yetu Kigogo ilivyothaminiwa.

Na kelele zao zinafika, siyo kila mara lakini zinafika. Mwaka mmoja baada ya Harvey wananchi wa kaunti ya Harris, ambayo Houston imo, walipiga kura kukopa dola bilioni 2.5 za miradi ya mafuriko, na watu wa mitaa kama huu wakabana mpaka kaunti ikakubali kuangalia pia nani hawezi kusimama tena akianguka, siyo bei ya nyumba peke yake. Mwaka 2021 ofisi ya jimbo la Texas ikagawa dola bilioni 1 za kujikinga na mafuriko kwa njia ya mashindano, Houston ambayo ndo ilizama ikapata sifuri. Sifuri kabisa! Watu wakaenda kushitaki kwa wizara ya nyumba ya serikali kuu, na Machi 2022 wizara ikatoa jibu la maandishi kwamba vigezo vile viliwabagua weusi na Walatino. Mimi nilivyosikia hiyo nilitamani mama angekuwepo. Siyo kwamba hela zilimwagika mtaani kwetu, mtaro ni ule ule, na tangu 2025 Washington wamefunga zile ofisi za haki ya mazingira na kufuta mipango mingi, bibi anasema kazi ya miaka thelathini inarudi nyuma. Lakini serikali ilitakiwa ijibu, ikajibu, na jina la kosa likaandikwa.

Sisi je? Sisi tunaita mitaa yetu Uzunguni, Uhindini na Uswahilini kama vile ni majina ya miti. Nani aliyaita hivyo? Wajerumani wakaanza, Waingereza wakakaza, mji wa Dar ukagawiwa kwa rangi ya ngozi, Wazungu kule Oysterbay kwenye upepo wa bahari na viwanja vikubwa, Wahindi katikati, Mwafrika Kariakoo na Ilala, na pale Mnazi Mmoja pakaachwa wazi makusudi ili Uswahilini pasisogeleane na wengine. Sisi tunapanga foleni ya daladala pale wala hatujiulizi. Mabomba ya maji taka yalienda kwa nani? Lami ilianzia wapi? Halafu mji ukajaa, Kariakoo ikajaa, Mwafrika anayefanya kazi mjini akatafuta pa kulala karibu na kazi kwa miguu, akakuta Msimbazi, kwa sababu ndo ardhi ambayo hakuna mwenye nguvu aliyeitaka. Hivyo ndivyo babu yangu mzaa mama alivyofika Kigogo. Mpagazi wa sokoni. Alijitakia nini, upepo wa mto?

Kuna mtu hapa atasema tumejitawala tangu 1961, acha kulaumu mkoloni. Sawa, nakubaliana na wewe kabisa, na ndo maana nakasirika zaidi. Wazungu waliondoka, rangi ikaondoka, ramani ikabaki na sisi tukahamia ndani yake. Aliyepata cheo akahamia Oysterbay na Masaki, na sasa Goba na Mbezi, na akifika kule anaangalia bondeni kwa jicho lile lile. Huku Houston mtu mweusi akinyimwa mfereji anajua kanyimwa na nani. Bongo anayekunyima anafanana na wewe, mnaswali pamoja, kwa hiyo unaishia kusema ni kazi ya Mungu.

Na mwingine atasema kwa hiyo unataka watu wakae bondeni wafe? Hapana ndugu yangu. Mimi mwenyewe nataka mama atoke pale, nimembembeleza mara ngapi. Bonde lile ni hatari, mto ukitoka Kisarawe umejaa unakuja na kila kitu, na watu wa juu mvua ikianza tu wanatapisha vyoo vyao vinatushukia sisi, mnajua, msijifanye hamjui. Halafu mwenye hela akimwaga kifusi kuinua kiwanja chake maji yake yanahamia kwa asiye na kifusi. Ninachosema ni unamhamishia wapi na kwa kipi mkononi. Baada ya mafuriko yale ya 2011 watu walipelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji, mama muuza maandazi wa Kariakoo akiwa Mabwepande nauli yake ya kwenda na kurudi inameza mtaji, ndo maana wengi walirudi, siyo ubishi. Na zile X nyekundu ukutani za nyumba za kubomolewa, mnazikumbuka za mwishoni mwa 2015? Huku rangi nyekundu ilikuwa kwenye ramani ofisini, kwetu mtu anakuja na kopo anakupaka mlangoni kwako watoto wanaangalia.

Kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi sasa hivi, fedha za Benki ya Dunia zipo ndani, watu wanafidiwa wanahama, na mimi nauombea heri kwa moyo wote. Lakini nauliza kama mtoto wa pale, je kuna mtu wa Kigogo ana faili? Kuna mtu ana tarehe, vipimo, picha, akae mbele ya mthamini aseme maji yalifika hapa mwaka huu na hapa mwaka ule, na ahadi hii ilitolewa siku fulani na fulani? Au tunangoja tuambiwe nyumba yetu ni bei gani na sisi tunashukuru?

Na msiniambie watu wetu hawawezi. Kigogo maji yakiingia hakuna anayengoja zimamoto, vijana wanafunga kamba nguzo kwa nguzo wanavusha wazee mgongoni, mjumbe anajua nyumba ipi ina mgonjwa, na usiku ule wa 2011 tulikula uji wa mtu ambaye naye jiko lake lilikuwa limezama. Huku wakati wa kimbunga Beryl, Julai 2024, umeme ulikatika kwa wateja zaidi ya milioni mbili, siku nyingi, joto la kuua, kuna watu walikaa gizani peke yao na jirani hajui hata majina yao. Mimi na bibi tuligawana barafu. Sisi kuokoana tunaweza kuliko mtu yeyote niliyemuona. Maji yakishuka ndo tunaacha, tunafagia tope, tunaanika magodoro, tunapaka chokaa, basi imeisha, mpaka Masika.

Nilimpigia mama jana baada ya yale maneno ya grupu. Hakulalamika, alisema tu "muache, ni mtoto". Nikamuuliza mama ule mstari wa maji ya 2011 bado upo pale sebuleni? Ulikuwa umebaki mstari wa tope ukutani, juu ya swichi ya taa. Akasema walipaka rangi juu yake wakati wa posa ya dada yenu, wageni wasije wakaona.

Nimemtumia mdogo wangu hela kidogo ya nauli, Jumamosi anaenda na msasa na tepu. Nimemwambia aanzie usawa wa swichi, akwangue taratibu asitoboe lipu, akiuona aupige picha na kipimo kikiwa kinaonekana, halafu aitume kwenye grupu.