Mzigo wa mazoezi: hesabu inapofaa na inapopotosha

Zoezi gumu humwachia mwanariadha vitu viwili kwa pamoja, utimamu wa mwili na uchovu. Katikati ya miaka ya 1970, Eric Banister na wenzake wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliligeuza wazo hilo kuwa mlinganyo. Uchovu huanza ukiwa mkubwa kuliko faida ya utimamu ila hufifia upesi, na faida huanza ndogo ikakawia kupotea. Jumlisha mabaki ya utimamu kutoka mazoezi yote yaliyopita, toa mabaki ya uchovu, na utapata makadirio ya kiwango cha mwanariadha kwa siku unayoitaka. Programu nyingi za mazoezi zinazochora grafu za utimamu na uchovu leo zimetokana na hesabu hiyo.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Makocha walijua zamani kwamba kupunguza mazoezi kabla ya mashindano huleta matokeo mazuri, lakini swali la kupunguza lini lilibaki la kubahatisha. Modeli hii, yaani mlinganyo huo, inalijibu kwa tarakimu. Pia inamlinda mwanariadha mwenye pupa, yule anayeongeza mazoezi wiki ya mwisho kwa hofu kwamba hajajiandaa vya kutosha.

Sasa tuifuate hesabu yenyewe. Chukua zoezi lenye mzigo wa 100, yaani tarakimu inayowakilisha ukubwa wa zoezi, na uchovu wake wa mwanzo uwe mara mbili ya faida. Programu nyingi hutumia siku 42 kwa utimamu na siku 7 kwa uchovu. Huo ni muda ambao kila kimoja hushuka hadi kama asilimia 37 ya kilivyoanza. Baada ya siku 14, faida iliyobaki ni karibu 72 na uchovu 27, kwa hiyo mwanariadha amepata 45. Rudia kwa siku 45 na 15, vigezo vilivyotumika sana katika tafiti za awali: faida ni 73, uchovu 79, naye bado yuko chini ya sifuri. Modeli ni ileile na zoezi ni lilelile, ila moja inasema zoezi hilo linajenga na nyingine inasema linabomoa. Kwa vigezo vya kwanza, zoezi huanza kulipa baada ya siku 6 hivi. Kwa vya pili, baada ya siku 16.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wa programu. Mlinganyo sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni kumpa kila mtu vigezo vya wastani, halafu grafu ikaonyeshwa kana kwamba imepimwa kwenye mwili wake. Kijana anayeahirisha mapumziko kwa sababu mstari bado uko juu anaweza kuumia kwa tarakimu isiyo yake.

Tiba iliyopendekezwa ni kukadiria vigezo vya kila mwanariadha. Modeli hiyo ina vitano (kiwango cha kuanzia, uzito wa utimamu, uzito wa uchovu, na muda wa kila kimoja kufifia), na kuvipata kunahitaji matokeo mengi yaliyopimwa kwa namna moja. Muogeleaji anaweza kujipima mara kwa mara kwenye bwawa lilelile, lakini mkimbiaji wa marathoni anayeshindana mara mbili kwa mwaka atavipataje? Hata kwa waogeleaji wa kiwango cha juu, watafiti wamekuta vigezo vinavyoyumba sana na kutegemeana, hivi kwamba vinafuata vizuri matokeo yaliyopita huku vikikosea yajayo.

Mzigo wenyewe nao una utata. Kwa njia ya Carl Foster, mtafiti wa sayansi ya michezo, mwanariadha hutaja ugumu wa zoezi kwa alama za hadi 10, kisha alama huzidishwa kwa dakika. Ni njia rahisi, na naipenda kwa sababu inasikiliza mtu. Lakini dakika 60 za ugumu wa 3 ni 180, na dakika 30 za ugumu wa 6 ni 180 vilevile. Misuli haiyapokei mazoezi hayo kwa namna moja, sembuse usingizi mbovu au homa, ambavyo havimo kwenye hesabu kabisa.

Kwa hiyo ningemshauri kocha aitumie modeli kupanga, halafu aweke jaribio dogo la muda, umbali uleule na mazingira yaleyale, kila baada ya wiki mbili au tatu. Grafu ikisema mwanariadha yuko tayari na jaribio likakataa, aamini jaribio, apunguze mzigo, kisha abadilishe vigezo.